Naombeni ushauri: aliyekulia kwenye kipigo anaweza kuwa mzazi wa kawaida?

Kimya Kingi: Habarini wakuu. Nina mtoto mmoja wa miaka mitano, tunaishi Dar. Wife analalamika kwamba nikikasirika sipigi wala situkani, nanyamaza tu hata wiki nzima, anasema ni kama anaishi na mpangaji. Mimi nimekulia kwenye kipigo kizito na nasikia utoto wa hivyo unaharibu tabia ya mtu moja kwa moja. Wanaojua saikolojia, ni kweli? Matusi hapana.

Mzee wa Kitaa: Mkuu wote tulichapwa, ticha wetu wa hesabu fimbo yake ilikuwa na jina kabisa na leo tuko fiti. Vijana mnadeka sana.

Mama Wawili: Fiti? Si wewe juzi umeandika humu umepasua simu ya mkeo kwa hasira?

Mzee wa Kitaa: Ile simu ilikuwa mbovu tayari.

Saiko Mtaani: Kuwa wengi siyo kwamba haidhuru. Utafiti wa kitaifa wa 2009 hapa Tanzania, karibu robo tatu ya vijana walisema walipigwa kabla ya miaka 18. Sasa nije kwako mkuu. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, anasema mtoto anajifunza kwa mlezi wake kama binadamu ni wa kukimbilia au wa kukimbia, na akikua anaendelea kuwapima watu kwa kipimo kilekile. Mwenzake Mary Ainsworth alianzia hapo jirani tu Uganda miaka ya 1950, anakaa majumbani na kina mama anaangalia mtoto akilia inakuwaje. Anayelia akaongezewa kipigo anajifunza kutolia, kwahiyo huko kununa kwako huenda ndo kulikuokoa ukiwa mdogo, tatizo bado unakutumia kwa mtu asiyekupiga. Ila siyo hukumu. Emmy Werner aliwafuatilia watoto waliozaliwa 1955 kisiwa cha Kauai, Hawaii, na waliokulia kwenye shida nzito kama theluthi wakawa watu wazima poa tu, wengi walikuwa na mtu wa kuwashika mkono. Wewe ulikuwa na nani? Na aliyekuwa anakupiga yuko wapi?

Kimya Kingi: Bibi mzaa mama, alikuwa ananificha bandani kwa mbuzi. Hilo lingine siyo muhimu.

Mama Wawili: Ndo muhimu kuliko yote. Jibu.

Kimya Kingi: Ni baba mdogo, ndiye alinichukua baba alipofariki. Amepata kiharusi, wanawe wamemkataa, Jumamosi anakuja kukaa kwangu na nauli nimeshatuma. Atalala chumba cha mtoto maana vyumba ni viwili. Kabla hamjaanza, mkono wa kulia haufanyi kazi, atampiga nani? Na ada yangu yote alilipa yeye. Wife anajua tu ni baba mdogo anaumwa.

Mtumishi: Samehe saba mara sabini ndugu, damu haitupwi.

Dogo Mpemba: Mimi mama wa kambo alikuwa ananinyima chakula, sahivi nina duka na yeye anakuja kukopa sukari. Namkopesha ila namwandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Kaka Mshale: Wakuu mbona inanukia asaimenti? Anaanza na swali la saikolojia, akibanwa anatoa mzee wa kiharusi, na akaunti ya jana. Mitihani imekaribia, wanachuo wanachota majibu bure.

Mzee wa Kitaa: Daah nimepigwa.

Kimya Kingi: Akaunti mpya kwasababu ile ya zamani wife anaijua. Alikuwa anavua mkanda taratibu anaukunja mara mbili halafu anakuuliza wewe mwenyewe utaje ngapi, ukitaja chache anazidisha. Chuo gani kinatoa swali hilo?

Saiko Mtaani: Iwe asaimenti iwe kweli, jibu ni moja. Kumuuguza siyo tatizo, chumba ndo tatizo, na wife kutojua. Mdomo wa mzee bado mzima, na mtoto anaumizwa kwa maneno pia. Likitokea lolote piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.

Kimya Kingi: Wife nitamwambia mzee akishazoea. Na sebuleni hapatoshi, kochi fupi.

Mama Wawili: Basi wewe na baba yako mdogo laleni chumba chenu, wife ahamie kwa mtoto. Akiuliza kwanini ndo umwambie.