Mwongozo ni wa toleo la 4, sisi tuko kwenye 2.3: wiki sita za hesabu zimepotea

Wakubwa, nimekasirika na leo sifichi.

Natunza kompyuta za depo moja ya dawa hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Mashine ni ya zamani, Windows 7, na programu ya stoki iliyomo ni toleo la 2.3 kwa sababu la 4 linakataa kabisa kuingia humo. Nilipoombwa nipange nakala ya akiba ya kila usiku, nikafungua mwongozo kwenye tovuti ya wenye programu. Ukurasa hauna namba ya toleo, si juu si chini. Nikafuata neno kwa neno.

Kumbe ni wa toleo la 4! Huko jina la ule mpangilio wa akiba linaandikwa kwa kistari cha chini (_), kwenye 2.3 ni kistari cha kati (-). Kistari kimoja tu. Na programu ikikuta jina isilolijua inanyamaza, haiandiki kosa popote. Ndiyo, nilipaswa kufungua folda na kuhakikisha, hilo nalibeba mwenyewe.

Courant, yaani umeme, ilipokatika na kurudi kwa nguvu, diski ikafa. Folda ya akiba: tupu. Mama mwenye depo hakunifokea. Alivuta kiti, akatoa faktire, karatasi za mauzo na manunuzi, kwenye katoni ya dawa, akaanza kunisomea moja moja huku naandika upya. Parasetamoli. Serumu. Glavu. Nyingine wino umefutika kwa jasho la mikono, anazigeuza kwenye mwanga wa simu. Tulikesha usiku tatu.

Nikawaandikia wenye programu. Jibu: sasisha. Nisasishe kwa mashine ipi? Na mwongozo wa zamani uko wapi? Wakajibu: tumeufuta usichanganye watu. Hapo damu ilinichemka. Aliyetuchanganya ni nani kama si ninyi?

Na msiniambie kazi hiyo haiwezekani. Fungueni nyaraka za PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data: juu ya ukurasa kuna namba za matoleo, unabonyeza lako, unasoma mada ileile kwa toleo lako. Hata yale yasiyohudumiwa tena bado yanasomeka. Django, zana ya kutengenezea tovuti, mwongozo wao unakaa kwenye hazina moja na msimbo wa programu (code), kwa hiyo toleo likitengwa kwenye tawi lake linaondoka na maelezo yake. Walipoondoa ile url() ya zamani, amri ya kupanga anwani za kurasa, kwenye 4.0, mwenye 3.2 aliendelea kusoma ya 3.2, na kitu kikibadilika wanaandika palepale kimebadilika tangu toleo gani.

Mimi siombi maandishi mapya. Rudisheni kurasa mlizofuta, muweke namba juu ya kila ukurasa, na programu ipige kelele ikikuta jina isilolijua.

Wakati huo, mwenye mwongozo wa 2.3 kwenye flashi, awe Likasi, awe Kolwezi, aseme hapa. Nitaufuata mwenyewe.