Stashahada ya miaka miwili ya uandishi wa habari: chuo kizuri nitakitambuaje?

BintiWaMasasi

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu.

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu kwa tahasusi ya HKL. Matokeo yalipotoka nilikuwa na C ya Kiswahili, S ya Historia na S ya Kiingereza, yaani daraja la tatu kwa pointi 15. Kwa alama hizo siwezi kuomba shahada moja kwa moja, kwa kuwa inahitaji masomo mawili yaliyofaulu kuanzia A hadi E, na S haihesabiki. Nimeamua kuomba Stashahada ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, nami sikuichagua kwa sababu nimekosa pengine pa kwenda.

Naomba nieleze kilichonisukuma. Msimu uliopita wa korosho tulikuwa tumekaa barazani na baba, tukisikiliza habari za mnada redioni. Msomaji alianza na jina la mgeni rasmi, akaendelea na cheo chake, kisha akasoma kwa kirefu namna alivyowataka wakulima kudumisha ubora na kuacha kuuza kangomba, yaani kuwauzia walanguzi nje ya mnada. Habari ikaisha. Baba akanigeukia akaniuliza, “Sasa kilo ni shilingi ngapi?” Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo swali lile halijanitoka.

Ninayo maswali manne. Kwanza, jirani yetu anasoma kozi hiyohiyo kwa miaka mitatu, mimi nimeambiwa ni miwili. Lipi ni sahihi? Pili, je, stashahada inatosha kuajiriwa, au nitaambiwa nirudi kusoma shahada? Tatu, ada yangu inategemea malipo ya korosho, ambayo huja baada ya minada kuanza mwezi wa kumi, wakati vyuo navyo vinafungua, wenzangu mnafanyaje? Nne, vyuo ni vingi na matangazo yao yanafanana. Nitajuaje kipi kinafundisha kweli?

---

Mkufunzi_Mwanza

Marahaba binti, na hongera kwa kumaliza.

Wewe na jirani yako nyote mko sahihi. Anayeingia na cheti cha kidato cha nne huanzia ngazi ya 4, ambayo ni astashahada ya awali, akapanda ya 5, akamalizia ya 6 ambayo ndiyo stashahada, na hiyo ni miaka mitatu. Anayetoka kidato cha sita akiwa na angalau somo moja la A hadi E pamoja na S moja huingia moja kwa moja ngazi ya 5, na kwake ni miaka miwili. C yako ya Kiswahili na S zako zinakuingiza hapo bila tatizo. Kabla hujatoa hata shilingi ya fomu, hakikisha kuwa chuo, na si chuo tu bali programu yenyewe, imesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET, kwa sababu kipo chuo kinachoweza kuwa na usajili kwa kozi moja na kikawa bado hakijaupata kwa nyingine.

Kuhusu ajira, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliweka utaratibu wa kuwapa waandishi ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo, na kanuni zake za mwaka 2017 zikataja stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Waliokuwa kazini bila sifa hiyo walipewa miaka mitano ya kujiendeleza, ndiyo maana miaka ile tulikuwa na wanafunzi wenye mvi, watu waliotangaza mpira tangu sisi tukiwa watoto, wameketi dawati moja na vijana wa umri wako. Kwa hiyo stashahada inatosha kukupa kitambulisho cha kazi. Ukitaka kuendelea na shahada baadaye, linda wastani wako usishuke chini ya 3.0 kati ya 5, kwa kuwa ndio ambao vyuo vikuu huuangalia, na wakati wa kuomba utahitaji namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, ile ambayo wanafunzi huiita AVN. Wapo wengi waliopita njia hiyo wakaenda Shule Kuu ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino hapa Mwanza.

Sasa niseme jambo ambalo hukuuliza, na ambalo kwangu ni zito kuliko yote uliyouliza. Una C ya Kiswahili na S ya Kiingereza. Darasani utafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha utakwenda kufanya kazi katika redio na magazeti ambayo kwa sehemu kubwa yanazungumza Kiswahili. Nimewaona wanafunzi wakikariri nadharia ya upangaji wa ajenda, iliyotokana na utafiti ambao Maxwell McCombs na Donald Shaw waliuchapisha mwaka 1972, wakaiandika vizuri kwenye mtihani, na nilipowaomba wanieleze kwa Kiswahili kwa nini habari ya mnada inaanza na hotuba badala ya bei, wakanyamaza. Lakini hiyo ndiyo nadharia yenyewe! Chombo cha habari kinapotanguliza hotuba, kinawafanya wasikilizaji waione hotuba kuwa ndilo jambo kubwa la siku hiyo, na bei, ambayo ndiyo iliyowakalisha barazani, inaachwa nje. Wewe umeigundua kabla ya kuisoma. Nakusihi ukiwa chuoni kila unachojifunza kwa Kiingereza ukieleze upya kwa Kiswahili katika daftari lako, kwa maneno ambayo baba yako angeyaelewa. Kwa upande wa Kiingereza, tumia miezi hii kabla ya chuo kufunguliwa kusoma gazeti moja la Kiingereza kila siku, ukurasa mmoja tu, na kuandika muhtasari wake. S haizuii kitu ukianza mapema, ila ukisubiri mtihani wa muhula wa kwanza itakuzuia.

---

MamaWawili_Moro

Mwanangu, mimi si mwandishi, nimesomesha tu binti yangu kozi hiyohiyo, kwa hiyo nitajibu la ada peke yake.

Usisubiri chuo kifunguliwe ndipo uanze kueleza hali yenu. Nenda au mpigie mhasibu wa chuo sasa, mweleze kwamba mzazi ni mkulima wa korosho na fedha hupitia chama cha msingi cha ushirika baada ya mnada, na omba utaratibu wa kulipa kwa awamu. Vyuo vingi hugawa ada kwa awamu mbili au nne. Ukikubaliwa, omba uandikiwe, kwa sababu mhasibu anaweza kuhama na anayemfuata asijue mlichokubaliana. Sisi tuliliamini neno la mdomo, na binti yangu akazuiwa mlangoni siku ya mtihani mpaka nilipokopa kwenye kikoba usiku uleule.

Usiitegemee Bodi ya Mikopo. Ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, lakini kwa fani zilizopewa kipaumbele kama afya, kilimo, usafirishaji na madini, na uandishi wa habari haukuwa mmojawapo. Tena uliza gharama zisizo kwenye orodha ya ada: sare kama ipo, bima ya afya, mitihani, na nauli ya mafunzo kwa vitendo. Hiyo nauli ndiyo iliyotuchosha.

---

Korespondenti_KandaYaZiwa

Mdogo wangu, nilisoma kwa miaka miwili kama utakavyosoma wewe, na sasa ni mwaka wa tisa niko kazini katika redio ya jamii. Wakubwa wamekujibu vizuri kuhusu sifa na ada. Mimi nitashika swali lako la nne.

Ukifika chuoni, usiridhike kuoneshwa studio. Kila chuo kina studio ya kuoneshea wageni. Omba kuongea na mwanafunzi wa mwaka wa pili, bila kiongozi wa chuo kusimama pembeni, na umuulize swali moja: tangu uje hapa, ni habari zako ngapi zimehaririwa na mtu, ukarudishiwa, ukaandika upya? Akikwambia mbili au tatu, ondoka. Akikuonesha daftari lililojaa wino mwekundu, kaa. Chuo chenye redio yake inayorusha matangazo kwa wananchi kina faida kubwa hapa, kwa sababu habari inayokwenda hewani lazima ipite kwa mhariri, na msikilizaji atapiga simu ukikosea jina la kijiji chake.

Nasema hivyo kwa yaliyonipata. Chuoni kwetu tulifundishwa nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi, na mtihani nikafaulu. Nilipokwenda kwa mafunzo ya vitendo, nikapangiwa kwa mhariri mmoja mzee aliyekuwa bado anachapisha kila habari kwenye karatasi ili aisome akiwa na kalamu mkononi. Habari yangu ya kwanza ilianza hivi: “Mkuu wa Wilaya amewataka wananchi kutunza vyanzo vya maji.” Hakufuta neno hata moja. Alichora duara kwenye neno “amewataka”, akaniuliza, “Maji yenyewe yanatoka?” Nikasema sijui. Akanirudisha kijijini kwa gharama yake. Huko nikakuta kituo cha kuchotea maji kimekauka, koki imefungwa kwa kipande cha kanga, na akina mama wanakwenda mtoni alfajiri. Niliporudi na hayo, aliyasoma yote, kisha akaniambia nianze na kile kipande cha kanga. Miezi miwili kwa mzee yule ilinifunza kuliko mihula mitatu ya darasani, wala siwadharau walimu wangu, maana bila wao nisingejua hata namna ya kushika kinasa sauti.

Sasa tazama habari ile ya korosho. Ingeandikwa na mtu aliyehaririwa, ingeanza na bei ya juu na bei ya chini zilizosomwa mnadani, ikafuata kama wakulima wamekubali kuuza au wamekataa, kisha makato, ili mkulima ajue atabaki na shilingi ngapi kwa kilo baada ya ushuru na gharama za ghala. Mgeni rasmi angekuja mwishoni, kama kuna jipya alilolisema.

Nisikufiche upande wa maisha. Nilipohitimu nilianza kama mwandishi wa kujitegemea mkoani, nikilipwa kwa kila habari iliyochapishwa. Kwa miezi saba chombo nilichokiandikia hakikunilipa chochote, na kila nilipouliza niliambiwa nivumilie. Wakati huohuo, kwenye mikutano nilikuwa napewa bahasha ya “nauli” na wale niliotakiwa kuwaandika. Nilizichukua mara kadhaa kwa sababu ya njaa, na nilijikuta ninaandika “amewataka” tena. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema bahasha ni suala la tabia ya mwandishi peke yake. Anayemtuma mtu kazini bila kumlipa anashiriki. Nilitoka huko nikaenda redio ya jamii, mshahara ni mdogo lakini unakuja, na hakuna bahasha ninayoihitaji. Usizidharau redio hizo. Pangani, Sengerema, Micheweni kule Pemba, zipo karibu na watu, na kijana mwenye stashahada anaweza kuaminiwa kuendesha kipindi kizima wakati mwenzake wa Dar es Salaam bado anabeba kamera ya mtu mwingine.

---

BintiWaMasasi

Ahsanteni sana nyote. Mama wa Moro, kesho nampigia mhasibu, na nitaomba karatasi. Mwalimu, daftari nimeshanunua.

Baba amesoma majibu haya kwa simu yangu, akasema hofu yake ilikuwa nisije nikafungwa kwa sababu ya kuandika. Amebaki na hofu hiyo, ila amesema nikaombe. Kaka wa Kanda ya Ziwa, naomba nikuulize la mwisho. Mnada wa kwanza huenda ukafanyika kabla sijaripoti chuoni. Ningependa kwenda na kuandika habari yake kama zoezi, hata kama hakuna atakayeichapisha. Mtu asiye na kitambulisho wala chombo anaanzia wapi?

---

Korespondenti_KandaYaZiwa

Mwambie baba hofu yake ina msingi na aendelee kuwa nayo. Mwaka 2023 ile Sheria ya Huduma za Habari ilirekebishwa na kashfa ikaondolewa katika makosa ya jinai, lakini yapo mambo mengine ndani yake yanayohitaji mwandishi makini, na utayasoma katika somo la sheria za habari. Usilikose hata kipindi kimoja.

Kuhusu mnada, usijitambulishe kama mwandishi, kwa sababu bado hujawa. Sema ukweli: mimi ni mtoto wa mkulima, nakwenda kusoma uandishi, najifunza. Watu watakusaidia kuliko unavyodhani. Fika mapema kabla ya viti kupangwa. Mtafute karani wa chama cha msingi, yule mwenye kitabu cha mizigo, umuulize ni tani ngapi zimeletwa na makato ya kila kilo ni yapi, uandike kimoja kimoja na umsomee ulichoandika ili akusahihishe. Kisha kaa upande wa wakulima wakati bei zinasomwa, usikae meza kuu. Ukimaliza, andika maneno 200, usiyazidishe, umsomee baba barazani bila kumwambia chochote kwanza. Akiuliza swali lolote ambalo jibu lake halimo, rudi kwa karani. Habari hiyo nitumie humu, nina kalamu nyekundu.