301 au 302: nahamisha duka kutoka .com kwenda .co.tz, niweke ipi?

Muuzavitenge: Wakuu, habari za leo. Tovuti ya duka langu la vitenge inahamia .co.tz. Fundi ananishauri niweke 302 (namba ya seva ya kuelekeza wageni kwenye anwani nyingine kwa muda) kwanza kwa usalama, mambo yakitulia ndiyo tubadili iwe 301 (ya kudumu). Kurasa zangu kadhaa zinakaa juu Google na sitaki zishuke. Nimsikilize?

FundiSeva: Hapana mkuu. Jiulize kama anwani ya zamani itarudi kutumika. Kama hairudi, weka 301 tangu siku ya kwanza. Google huichukua 301 kama ishara nzito kwamba anwani mpya ndiyo ya kuonyeshwa kwenye matokeo. 302 ni ishara hafifu, kwa hiyo .com inaweza kuendelea kuonekana huku .co.tz imekaa nyuma. Na ile hofu kwamba kuelekeza kunapunguza nguvu ya linki imepitwa na wakati: Gary Illyes wa Google alishasema 2016 kwamba za 30x (yaani 301, 302 na wenzake) hazipotezi tena PageRank, kipimo cha Google cha uzito wa ukurasa kutokana na linki.

PwaniKodi: Naunga mkono, ila huyo fundi ana hoja. Vivinjari huihifadhi 301. Ukielekeza ukurasa wa khanga kwenye anwani yenye kosa, mteja aliyeshapita hapo anaweza kuendelea kupelekwa kulekule hata ukisharekebisha seva, mpaka afute kumbukumbu za kivinjari. Jaribu kwa 302 saa chache, hakiki kila linki, halafu geuza. Kukaa nayo miezi, hapo simuungi mkono.

Muuzavitenge: Na ofa za Ramadhani je? Mwezi ule huwa napeleka wateja wa /ofa kwenye ukurasa maalumu.

DadaMhariri: Hapo 302 ndiyo mahali pake kaka. Baada ya Idi unaiondoa, na /ofa haijapoteza nafasi yake.

FundiSeva: Tena usiamini maneno ya mtu, angalia seva yenyewe inasema nini. Kwenye Apache (programu ya seva) ukiandika Redirect bila kutaja namba, unapata 302. header("Location: ...") ya PHP (lugha ya kuandikia tovuti) vilevile. Wengi wanadhani wameweka ya kudumu kumbe sivyo. Piga `curl -I` (amri ya kuona jibu la seva) na anwani ya zamani, usome mstari wa kwanza.

Elekeza ukurasa kwa ukurasa: kitenge cha zamani kiende kwenye kitenge kilekile kipya. Ukizirundika zote ukurasa wa mwanzo, Google inaweza kuzihesabu kama kurasa zisizopo. Na .com endelea kuilipia, angalau mwaka mzima. Mimi ningeishikilia muda wote duka likiwa wazi.

PwaniKodi: Fomu ya oda itazame peke yake. Kwa 301 na 302 vivinjari hugeuza POST (ombi la kutuma data) kuwa GET (ombi la kufungua ukurasa tu), oda inafika tupu. Hapo tumia 308 kama umehama moja kwa moja, 307 kama ni ya muda.

Muuzavitenge: Shukrani wakuu. Namtumia fundi uzi huu leo, tuanze na orodha ya anwani zote za zamani.