Tupeane uzoefu: chama cha netiboli cha kwenu kilianzaje, na ni nani waliokibeba?

Ndugu zangu, naomba tuandike pamoja historia ya vyama vya netiboli vya wilaya na mikoa yetu, kwa kuwa wengi walioviasisi wamezeeka na baadhi yao wametangulia mbele ya haki. Habari za CHANETA, yaani Chama cha Netiboli Tanzania, hutufikia redioni Taifa Queens, timu yetu ya taifa, wanaposafiri au uchaguzi wa viongozi unapokaribia. Wengi wetu tunakumbuka enzi za uongozi wa Anna Bayi, na tunakumbuka mwaka 2012 Dar es Salaam ilipokuwa mwenyeji wa mashindano ya Afrika. Chini ya CHANETA, hata hivyo, vipo vyama vya wilaya ambavyo ofisi yake ni mkoba wa katibu, na vyama hivyo ndivyo vilivyowafundisha wasichana wetu kudaka na kufunga kabla jina lao halijatajwa popote.

Mchezo huu ulibuniwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na mpira wa kikapu, ambao James Naismith aliuanzisha Marekani mwaka 1891. Kwetu uliingia wakati wa ukoloni kupitia shule za wasichana na vyuo vya ualimu, na wakuu wa shule waliupenda kwa sababu eneo la mita 30.5 kwa 15.25, nguzo mbili zenye pete na mpira mmoja vilitosha kuwachezesha wasichana kumi na wanne kwa wakati mmoja. Shirikisho la kimataifa liliundwa Colombo mwaka 1960, na hapa nyumbani Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967 ikaweka utaratibu ambao chama cha michezo kinapaswa kuufuata ili kitambulike.

Hoja yangu ni kwamba netiboli yetu imelelewa na taasisi: shule, viwanda, mashirika ya umma, wizara na majeshi. Kila mlezi alipobadili mwelekeo, kilichobaki kilitegemea kama wilayani palikuwa na chama chenye watu wake na uwanja wake. Ninaomba kila mmoja aeleze aliyoyaona kwa macho yake: mkutano wa kwanza uliitishwa na nani, mlicheza wapi, na nini kilitokea mlezi alipoondoka.

Mwalimu mstaafu, Iringa

Ahsante kwa kutukumbusha jambo hili. Mimi nilijifunza netiboli chuoni, ambako kila mwanachuo wa kike alitakiwa kujua kuchora uwanja na kuchezesha mechi, kwa kuwa ilifahamika kwamba popote atakapopangiwa kazi atakabidhiwa michezo ya wasichana. Nilipofika kwenye kituo changu cha kazi hapakuwa na chama. Walikuwapo walimu wa kike waliofahamiana kwa sababu shule zao zilikutana kwenye michezo ya kata na tarafa, na mratibu wetu hakuwa mwingine ila ratiba ya UMITASHUMTA, yaani mashindano ya shule za msingi. Ilipofika siku ya kuchagua timu ya wilaya ndipo ugomvi ulipozuka, kwa sababu kila mwalimu alimtetea mtoto wake na hapakuwa na chombo cha kuamua.

Ugomvi huo ndio uliozaa chama chetu. Afisa utamaduni wa wilaya alituita katika darasa moja siku ya Jumamosi, akatusomea mfano wa katiba, nasi tukainakili kwa mkono huku tukibishana kuhusu kila kifungu. Kifungu kilichotuchukua muda mrefu zaidi kilihusu uteuzi wa timu: tuliamua kwamba mwalimu ambaye shule yake ina mchezaji anayejadiliwa hatapiga kura. Nasema kwa moyo wote kwamba kifungu kile kilifanya kazi kubwa kuliko fedha yoyote tuliyowahi kupewa, kwa kuwa baada ya hapo walimu walianza kuaminiana na kuazimana hata mipira.

Pigo lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, michezo ya shule iliposimamishwa kwa ngazi ya taifa. Chama chetu kilikuwa cha walimu watupu, na wachezaji wetu wote walikuwa wanafunzi, kwa hiyo siku moja tulijikuta tuna viongozi bila timu. Michezo iliporudi miaka kadhaa baadaye, kulikuwa na darasa zima la wasichana waliomaliza shule bila kushika mpira, na baadhi yao ndio waliorudi shuleni wakiwa walimu wasiojua sheria ya hatua, yaani jinsi mchezaji anavyoruhusiwa kusogeza miguu akiwa na mpira. Pengo hilo tunaliona mpaka sasa uwanjani.

Mchezaji wa zamani wa timu ya kiwanda, Morogoro

Shikamoo mwalimu. Nakubaliana nawe, ingawa njia yangu ilikuwa nyingine. Mimi niliajiriwa kiwandani kwa sababu ya mikono yangu ya kufunga. Wakati ule kiwanda kisichokuwa na timu ya netiboli kilionekana kina upungufu, na mashindano ya mashirika ya umma, yaani SHIMUTA, yalikuwa jambo ambalo meneja mwenyewe alilifuatilia. Tulipewa ruhusa ya kutoka mapema kwa mazoezi, tulikuwa na viatu, na mtu wa ghala alitunza vizibao vyetu vyenye herufi vikiwa vimepigwa pasi.

Chama cha mkoa kilitegemea timu za aina yetu kwa karibu kila kitu. Ada ya ushiriki ililipwa na viwanda, usafiri ulikuwa lori la kiwanda, na hata kalamu ya mwandishi wa magoli ilitoka kwenye ofisi ya utumishi. Miaka ya 1990 viwanda vilipobinafsishwa na vingine kufungwa, timu zilivunjika ndani ya muda mfupi sana. Sikuumizwa na kupoteza kazi peke yake. Niliumizwa kuona wanawake waliocheza pamoja kwa miaka wakitawanyika, mmoja akirudi kijijini, mwingine akianza biashara ya vitenge, bila hata mechi ya kuagana.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa mweka hazina wa chama cha mkoa. Alizunguka mtaa kwa mtaa akituuliza kama tunaweza kucheza jioni baada ya kufunga biashara, na ndivyo ilivyozaliwa timu yetu ya mtaa, ambayo wachezaji wake walichanga wenyewe nauli na maji. Tulicheza vibaya kuliko tulivyocheza tukiwa kiwandani, kwa maana mwili uliochoka sokoni hauruki kama uliopumzika. Lakini kwa mara ya kwanza katika mkutano wa chama nilisimama kama mwanachama aliyelipa ada yake, nikauliza fedha zimetumikaje, nikajibiwa.

Mwamuzi, Unguja

Assalaam alaykum. Sisi Zanzibar tuna chama chetu cha netiboli, CHANEZA, na tuna baraza letu la michezo, kwa hiyo historia yetu ina mkondo wake, ingawa tumekutana na ndugu zetu wa Bara katika Ligi ya Muungano kwa miaka mingi. Mlezi wetu mkubwa ni vikosi vya Serikali ya Zanzibar. Mkitaja JKU, KVZ, Zimamoto na Mafunzo, mmetaja timu ambazo mashabiki wa netiboli hapa wanazijua kwa moyo, na binti anayecheza vizuri hutazamia kupata ajira huko. Sioni ubaya wowote katika hilo; ajira imewafanya wazazi waliokuwa na shaka na mchezo wa wasichana kuja viwanja vya Gymkhana kutazama.

Nataka niongeze upande ambao wachangiaji wa juu hawajaugusa, nao ni uamuzi. Watu hudhani chama ni timu na kombe. Mchezo huu hauendi bila waamuzi wawili wanaoelewana, kwa kuwa kila mmoja ana nusu yake ya uwanja, na wanatakiwa kuona kwa wakati mmoja mguu uliotua kwanza, sekunde tatu za kukaa na mpira, na umbali wa mita 0.9 kati ya mlinzi na mwenye mpira. Nilipoanza, kina mama wachache waliokuwa na ujuzi huo walichezesha mechi mfululizo tangu alasiri mpaka magharibi, bila posho. Mmoja wao alinifundisha kwa kunisimamisha nyuma ya nguzo na kuniuliza baada ya kila shambulizi nimeona nini, na nikikosea alisimulia shambulizi lote upya kwa utulivu. Chama kiliishi kwa sababu yake, ingawa jina lake halikuwahi kuwa kwenye orodha ya viongozi.

Kuhusu mavazi, nilishuhudia mijadala mirefu katika miaka yangu ya mwanzo. Kilichoimaliza ni kukubali kwamba anayetaka kucheza na suruali ndefu na kichwa kilichofunikwa acheze hivyo bila kunyooshewa kidole, na baada ya hapo tulipata wachezaji ambao tungewakosa kabisa.

Katibu wa chama cha wilaya, kanda ya Ziwa

Shikamooni kina mama. Mimi ni mdogo kwenu, nami nimeupokea ukatibu kutoka kwa shangazi yangu. Alinikabidhi madaftari ya mihtasari, muhuri, na barua ndefu kuhusu uwanja. Ningependa kuizungumzia barua hiyo, kwa sababu naona uwanja ndio moyo wa swali lililoulizwa.

Uwanja wetu wa netiboli ulikuwa pembeni ya uwanja wa mpira wa miguu, kwenye kipande ambacho kila mtu alikijua kuwa cha wasichana, lakini hakikuandikwa popote. Eneo lote lilipopimwa upya, mpira wa miguu ulibaki kwenye ramani, na kipande chetu kikaonekana kuwa nafasi tupu, kikapangiwa vibanda vya biashara. Shangazi aliandika barua kwa kila ofisi aliyoijua, akiambatanisha mihtasari ya mikutano na daftari la matokeo ya ligi ya wilaya, ambamo kila mechi ilionyesha tarehe, timu, wafungaji na mahali ilipochezwa. Daftari lile ndilo lililokuwa ushahidi pekee kwamba watu walikuwa wakikutana pale kila mwaka kwa kazi inayojulikana. Hatukurudishiwa kipande kile, lakini tulipewa kingine karibu na shule ya sekondari, na safari hii kimeandikwa.

Sasa nasoma madaftari hayo jioni, na naona hoja ya mleta mada ikijitokeza ukurasa kwa ukurasa. Kuna miaka ambayo orodha ya timu ni shule tupu, kisha yanaingia mashirika, kisha ukurasa mmoja wenye timu mbili tu, kisha timu za halmashauri na za mitaa. Jambo lisilobadilika ni mwandiko; ni wa watu watatu tu kwa kipindi chote hicho. Uganda waliposhika nafasi ya tano katika Kombe la Dunia la Cape Town mwaka 2023, wachezaji wangu waliniuliza wenzetu wamefikaje huko, nami nikawaambia kwamba kwanza tuhakikishe ligi yetu ya wilaya haikosi msimu hata mmoja.

Mleta mada

Nimesoma kila mchango mara mbili. Katibu, naomba uyapige picha madaftari yote, kuanzia lile la zamani zaidi, kabla mvua hazijaanza, na uhifadhi nakala kwa mtu wa pili asiyeishi nyumba moja nawe. Mwalimu, kama katiba ile iliyonakiliwa kwa mkono bado ipo, tuwekee kifungu cha uteuzi kama kilivyo, kwa sababu wilaya yetu inafanya uchaguzi mwaka huu na tungependa kukipeleka kwenye mkutano mkuu. Na kwa wengine wote, hususan wa Mtwara, Kigoma na Pemba, tunawasubiri.