Eti "RUDI HTML"?! Huyu jamaa wa butiloda leo amenivuka!

Wakuu, salamu kwa wenye mchana mzuri. Wangu umeshaharibiwa.

Simtaji jina, mnamjua. Yule anayejibu kila kitu kwa voisi noti hata ukimuuliza saa ngapi. Yule ambaye kiunzi chake cha butiloda ya UEFI (programu ambayo fimwea ya kompyuta inaianzisha ili ipakie kerneli, kiini cha mfumo endeshi) kila chipukizi humu amekikopi. Msinifuate PM kuuliza ni nani.

Leo nimeuliza swali kwenye grupu kwa adabu zote. Butiloda inaipata kerneli kwenye diski, inaita ExitBootServices (kuiaga fimwea) bila shida, inarukia kerneli, halafu QEMU, ile kompyuta ya kuigiza, inazima na kuwaka, inazima na kuwaka, kama taa za baa ya uchochoroni. Nimeweka picha, nimeweka kodi, nimeandika "shikamoo kaka". SHIKAMOO, wakuu. Marahaba sikuiona. Imekuja voisi noti: "Dogo, RAM yako imekufa. Rudi HTML."

RAM imekufa. Ya QEMU! Mashine ya kufikirika! Imekufa kwa ugonjwa gani, na imezikwa wapi?

Na nyuma ya sauti yake anasikika mtu anacheka. Huyo naye ni nani? Anaijua rejista ya RDI?

Nimefungua GDB, zana ya kusaka hitilafu, nikasimamisha mashine kwenye amri ya kwanza ya kerneli, nikatazama rejista, vile visanduku vya CPU vya kushikia thamani. Pointa ya taarifa za kuwasha imekaa RCX, imetulia, anwani safi kabisa. Kerneli inaisubiri RDI. RDI imejaa takataka. Kerneli inaifuata hiyo takataka kama anwani, na kiunzi CHAKE kimeshabadilisha majedwali ya kurasa, IDT mpya (jedwali la kushughulikia hitilafu) haijawekwa, basi hitilafu ya kwanza inazaa ya pili, ya pili inazaa ya tatu, CPU inajirisiti. Hiyo ndiyo "RAM imekufa".

Mimi najenga kwa Clang, shabaha x86_64-unknown-windows, kwa hiyo kwa desturi ya Windows agumenti ya kwanza inapita RCX, zinafuata RDX, R8, R9. Kerneli ni faili ya ELF ya GCC ya Linux, inafuata desturi ya System V, inaanza na RDI, RSI. Kwenye heda ya kiunzi cha jamaa, aina ya pointa ya kuingilia kerneli haina sysv_abi, alama ya kuiambia kompaila ifuate System V. Kaneno kamoja! Kompaila hainong'oni hata onyo, maana butiloda na kerneli zinajengwa mbalimbali, hakuna linka ya kuzikutanisha. Nimekaongeza, kerneli imewaka.

Kwake inawaka kwa sababu anatumia maktaba ya gnu-efi na GCC: kodi yake yote ni System V, fimwea anaiita kwa uefi_call_wrapper inayobadilisha desturi, mwishoni zana ya objcopy inaivalisha koti la PE, umbo la faili ambalo UEFI inalitaka. Bahati hiyo, si utaalamu.

Nimempelekea ushahidi wote. Amejibu kidole gumba. Na ile voisi noti AMEIPINI. Mpaka naandika hapa, "Rudi HTML" iko juu ya sheria za grupu.

ChapaKodi: Kumbe ndiye wewe uliyepiniwa? Nimecheka tangu niisikie 😂

Mzee wa Staki: Pole kijana. Ila HTML nayo inalipa.

Mtoa mada: Mzee, na wewe tena?

BitiMoja: Kiufundi RAM ya QEMU inatoka kwenye laptop yako, kwa hiyo inaweza kufa. Nasema tu.

Mtoa mada: Toka kwenye uzi wangu.

Rejista Kavu: Wewe una bahati, yako imekufa papo hapo. Mimi nilijenga kwa GCC nikaita OutputString ya fimwea, ya kuandika kwenye skrini, moja kwa moja, bila wrapper, bila ms_abi, pacha wa sysv_abi wa desturi ya Windows. Pointa ya konsoli iko RDI, fimwea inaitafuta RCX. Na ikawa inakubali siku nyingine! Kompaila ilikuwa imeacha thamani ileile kwenye RCX kwa bahati. Nikiweka -O2, kompaila iharakishe kodi, inakufa. Halafu fimwea ina haki ya kuandika kwenye zile baiti 32 za kivuli ambazo mwitaji anatakiwa kuziacha kwenye staki. Mimi sijaziacha. Ikaandika juu ya vigeu vyangu. Nilikuja kuuliza humu, mkaniambia nibadilishe kebo.

ChapaKodi: Mimi ndiye niliyesema kebo. Nasimamia kauli yangu.

Simba wa Asembli: Hayo ya watoto. Umewahi kusahau -mno-red-zone, ya kumkataza kompaila kuweka vitu chini ya RSP (rejista ya kilele cha staki), kwenye kerneli? Kila intarapti inakanyaga baiti 128 chini ya RSP, hesabu zinabadilika zenyewe. Nilidhani nimelogwa.

Kamau_32: Nyinyi mnalia na biti 64? Kujeni huku kwetu 32. Ndani ya kerneli ya Linux ya i386 agumenti zinapita kwa EAX, EDX na ECX, na mimi asembli yangu nimesukuma kila kitu kwa staki. Hakuna mtu aliniambia.

Simba wa Asembli: Bado mnatumia 32 huko?

Kamau_32: Wewe nipee pesa ya mashine mpya nitahama leo.

Mtoa mada: Wakuu, turudi kwenye mada. Amesema "Rudi HTML" mbele ya watu wote.

Mama Kerneli: Huyo unayemsema ana flashi yangu ya GB 32. Alisema anajaribu butiloda kwenye mashine halisi, anairudisha jioni.

Rejista Kavu: Eh! Na yangu anayo.

ChapaKodi: Ya bluu?

Rejista Kavu: Ya bluu, ina uzi mwekundu.

ChapaKodi: Hiyo alinikopesha mimi. Nimeshaifomati, kaka.

Rejista Kavu: ILIKUWA NA PICHA ZA HARUSI YA DADA YANGU

Mtoa mada: Jamani, sysv_abi.

Mzee wa Staki: Kijana subiri kwanza, hili la harusi ni zito. Kuna programu inaitwa PhotoRec, inakuja pamoja na TestDisk, inarudisha picha. Usiandike kitu kingine chochote kwenye hiyo flashi.

ChapaKodi: Nimeshaweka Ubuntu.

Mama Kerneli: Na yangu ya GB 32 iko kwa nani?

Kamau_32: Nyeusi? Imeandikwa "MAMA" na maka pen?