Ford V8 ya 1936: breki za fimbo niziache au niweke za mafuta?

Kijana wa Spana (mleta uzi)
Wakuu, habari za wakati huu. Nimekwama, naomba mawazo.

Kuna gari nyumbani, Ford V8 ya 1936, sedani ya milango minne. Marehemu baba alilifufua kuanzia chesisi. Pale ambapo mwingine angejaza puti, yeye alikata bati lililooza akachomea jipya, akaligonga taratibu mpaka mkono haukuti bonde. Leo ukipitisha sumaku kuanzia mlango wa mbele hadi madigadi ya nyuma, inashika kila mahali.

Shida ni breki. Ni zile za fimbo: pedeli inavuta vyuma mpaka magurudumu yote manne. Gari linasimama, ila linavuta kushoto, na pedeli inataka mguu wa nguvu. Nimepata seti ya breki za mafuta za Ford ya baadaye, na wengi wameshazifunga kwenye magari ya umri huu. Halafu likikaa kwenye foleni linachemka, ingawa nimeshabadili pampu zote mbili za maji pale mbele ya bloku, kile kiwiliwili cha injini.

Nibadili breki au niache? Naomba majibu mapema, siku zimebaki chache.

Fundi Chesisi
Pole kwa kuondokewa na mzee. Ford waling'ang'ania fimbo hadi 1936, wakaweka za waya 1937 na 1938, za mafuta zikaja 1939. Plymouth walikuwa nazo tangu 1928. Ford walijitetea kwa tangazo la usalama wa chuma kutoka pedeli hadi gurudumu, na kuna ukweli ndani yake, maana fimbo haivuji.

Gari kuvuta upande si sababu ya kung'oa mfumo mzima. Nyanyua magurudumu yote, mtu akanyage pedeli kidogo kidogo, wewe zungusha gurudumu mojamoja usikie lipi linakamata mapema. Kisha ingia chini, shika ile shafti ya kati inayogawa fimbo mbele na nyuma, uitikise. Ikicheza kwenye bushi zake, utarekebisha mpaka uchoke na usawa hutaupata.

Hizo siku chache ni za nini?

Volti Sita
Mimi naanza na kuchemka. Vali za V8 hiyo ziko ndani ya bloku, na moshi unapita humohumo pembeni ya maji kabla ya kutoka nje. Joto lote hilo rejeta inalibeba. Pampu mpya hazisaidii kama njia za maji zimejaa kutu. Fungua, sukuma maji kinyumenyume mpaka yatoke meupe.

Na ukiwa hapo, asije mtu akakushawishi uhamie volti 12. Umeme wa volti 6 unataka nyaya nene na viunganishi safi. Watu wanafunga waya mwembamba wa betri ya kisasa, stata ikizubaa wanalaumu volti. Kumbuka pia upande chanya ndio unaofungwa kwenye bodi.

Bi Sauda
Mwanangu, umenikumbusha Citroën Traction Avant ya mjomba. Hizo zilianza 1934, na tangu mwanzo zilikuwa na breki za mafuta. Lilikaa muda mrefu bila kuendeshwa. Siku tumelitoa, kwenye mteremko pedeli ikazama hadi sakafuni. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na silinda ndogo za magurudumu zilikuwa zimeshika kutu. Mfumo wa enzi zile ni mmoja kwa magurudumu yote, bomba moja likitoboka huna breki hata moja. Mjomba akalipunguza kwa gia, mkono wake kwenye ule mti unaotokea kwenye dashibodi, mimi pembeni nimeshika mlango wala sipumui. Gari la kukaa bandani, bora fimbo.

Mzee Mizani
Wote mnaongelea vyuma. Mimi nauliza warithi. Mali ya marehemu haiguswi kabla wahusika hawajakaa pamoja. Kijana, uko peke yako?

Kijana wa Spana
Shikamoo mzee. Tuko wawili, mimi na dada. Na kwa kuwa mmeuliza siku: kuna mtu anakuja kulichukua. Sijauza jamani, amenitangulizia sehemu tu ya fedha. Anataka breki za mafuta kwa sababu atapanda na familia, na hilo nimeona ni la busara. Dada anajua gari liko kwenye matengenezo. Mimi ndiye niliyekuwa nashika spana na mzee usiku, yeye alikuwa analeta taa na kuondoka. Halafu nimeshatoboa chesisi nifunge masta silinda, ile pampu kuu ya breki za mafuta, kwa hiyo kurudi nyuma ni kazi.

Mzee Mizani
Marahaba. Aliyeshika taa naye alikuwepo.

Fundi Chesisi
Tundu hazikuzuii kurudi nyuma. Huyo mnunuzi umemwambia ananunua nini?

Kijana wa Spana
Ford ya 1936, kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Breki ndilo badiliko pekee, na amelitaka mwenyewe.

Jicho la Mwewe
Samahanini, hii ni chai. Kwenye V8 ya 1936 pampu za maji ziko kwenye silinda hedi, yale mafuniko ya juu ya silinda, moja kila upande. Zilihamia mbele ya bloku 1937. Mtu aliyezibadili kwa mkono wake hawezi kukosea hapo. Mleta uzi hana gari, ana picha ya kalenda. Kama lipo, hesabu nati za hedi moja utuambie.

Kiti cha Nyuma
Kama ni chai basi fundi amefundisha bure, na mimi nimefaidi. Nasubiri hesabu ya nati.

Volti Sita
Jicho yuko sahihi kuhusu pampu. Nimeipitia haraka nikakimbilia rejeta.

Kijana wa Spana
Mnaniita mwongo juu ya kitu nilichokipangusa vumbi tangu nikiwa mtoto. Nimekwenda bandani, nimehesabu. 24 kila hedi.

Jicho la Mwewe
Nafuta neno chai, gari unalo. Lakini injini za 1936 zina nati 21 kila hedi. Za 24 zilianza kutoka 1938. Na pampu za injini hizo ndizo zenye miguu inayokalia chesisi. Angalia miguu hiyo imekaa juu ya nini.

Kijana wa Spana
Kuna vishikio vimechomewa. Sawa, nasema. Injini ya kwanza ilipasuka bloku, mzee akaweka hii. Nilikuwepo. Sikuitaja kwa sababu bado ni Ford, bado ni V8, inanguruma vilevile. Anayetaka kupanda na familia hafungui boneti kuhesabu nati.

Fundi Chesisi
Atafungua, au atakayenunua kwake atafungua. Injini kubadilishwa si aibu, bloku za V8 hiyo zinajulikana kwa kupasuka. Ubaya ni yale maneno ya "kama kilivyotoka kiwandani". Cha muhimu zaidi ni namba: iko juu ya chesisi upande wa kushoto, karibu na boksi la usukani, na kwa mwaka huo inaanza na 18. Ikilingana na kadi, una gari la 1936 lenye injini ya baadaye, na mtu anaweza kulinunua hivyo akafurahi. Isipolingana, usipokee hata senti nyingine.

Kijana wa Spana
Nimesugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka zikatokea. Inaanza na 18, na kadi inalingana yote. Nimetikisa na ile shafti ya kati kama ulivyosema. Inacheza, kushoto na kulia si sawa.

Fundi Chesisi
Basi gari linavuta kwa sababu hiyo. Bushi mpya, kagua dramu kama bado ni duara, kisha urekebishe gurudumu mojamoja. Mpigie mnunuzi leo, mtajie injini kwanza, breki baadaye. Akiisha kulijaribu likiwa sawa, huenda hizo za mafuta asizitake tena.

Bi Sauda
Na dada?

Kijana wa Spana
Dada yuko hapa pembeni, amesoma uzi wote. Hajaniambia kitu kuhusu fedha bado. Anauliza kama zile tundu za chesisi zinazibika.

Fundi Chesisi
Zinazibika. Kateni vipande vya chuma vya unene uleule, chomeeni pande zote mbili, sageni. Ila tenganisha betri kabla ya kuchomea, na pigeni picha kabla hamjaziba. Mnunuzi azione.