Nyumba ya Kibokoni (sare ya Mwana)

Jumamosi

Zuu, 8:05
Asalam alaykum nyumba nzima. Hapa Samarkand, Uzbekistan, ni saa nne, kwenu saa mbili. Niko soko la Siyob. Nataka mambo matatu KABLA ya adhuhuri: nani yumo kwenye sare ya harusi ya Mwana, rangi gani, mita ngapi. Kesho jioni twapanda treni ya Tashkent, usiku twaruka. Sirudi tena hapa.

Zuu, 8:07
[Picha 4]
Mbili za juu ni atlasi, hariri tupu. Za chini ni adrasi, hariri na pamba, ina uzito kidogo na inakaa vizuri mwilini. Zatoka Margilan, bonde la Fergana. Hiyo michirizi kama rangi iliyomwagikia maji haikuchapishwa. Nyuzi hufungwa mafundo na kutiwa rangi kwanza, ndipo zifumwe.

Zuu, 8:31
Naona mumesoma watu tisa.

Abuu, 8:33
Huo msikiti nyuma yako unaitwaje?

Zuu, 8:34
Bibi Khanym. Wa enzi za Timur, ulianzwa 1399 ukaisha 1404. Uko ubavuni mwa soko. Abuu, mkeo mita ngapi?

Abuu, 8:34
BIBI KUMBE UNA MSIKITI HUKO NA HUTUAMBII

Saidi, 8:35
Bibi, na hati ya shamba la huko iko wapi? 😂😂

Mwanaisha, 8:35
😂😂😂😂

Zuu, 8:40
Jamani, mita.

Shangazi Riziki, 8:52
Mashallah Zuu. Ya manjano na nyeusi ni nzuri. Ni hariri kweli? Barabara ya Biashara nao husema hariri.

Zuu, 8:58
Shangazi, mama muuzaji mwenyewe alichomoa uzi ukingoni akauwasha kibiriti mbele yangu. Ulinuka nywele zilizoungua, ukabaki jivu la kusagika. Wa plastiki ungeyeyuka ukawa kidonge kigumu. Nilimwomba achome na wa kitambaa cha jirani, kile cha bei ya chini. Kidonge.

Zuu, 9:00
LA MUHIMU. Upana ni shubiri mbili tu! Si kama leso. Vitanda vyao vya kufumia ni vyembamba. Usiniandikie mita tatu kwa sababu fundi wako huzoea mita tatu. Dera lataka mita 7.

Abuu, 9:04
Wangu ni mita 14 basi, mnamjua

Mke wa Abuu, 9:05
Abuu.

Abuu, 9:05
Mita 7

Shangazi Riziki, 9:11
Na bei?

Zuu, 9:20
Alianza 140,000 za sumu kwa mita. Mimi 70,000.

Saidi, 9:21
Za SUMU???

Mwanaisha, 9:21
Zuu unanunua nini huko wallahi

Zuu, 9:22
Som! Simu imebadilisha yenyewe. Som mia ni kama shilingi yetu moja na chenji kidogo. Niacheni nimalize.

Zuu, 9:29
Hawapigi kelele kama Marikiti. Anaandika bei kwenye kalkuleta anakugeuzia, nawe unaandika yako unamrudishia. Nikamwambia "qimmat, opa", ghali dada. Akacheka, akaniwekea kigoda, akatoa chai ya kijani kwenye kibakuli kisicho na mkono. Alitia kidogo tu, nikaona ananibania. Mwenyeji wetu akaninong'oneza kwamba hiyo ndiyo heshima, ili akuongezee tena na tena. Ukijaziwa mpaka juu ndiyo waambiwa uende zako. Tulizungumza watoto, harusi, nikamuonyesha picha ya Mwana. Akashuka 110,000. Nikapanda 80,000. Hapo tukakwama.
Mzee wa kibanda cha pili, muuza zabibu, akaja akashika mkono wangu kwa juu ya mkono wa yule mama (nilikuwa na glavu, msiulize) akaitikisa juu chini, juu chini, akisema "bor baraka, bor baraka" mpaka sote tukasema 90,000. Mwenyeji asema ndivyo wafanyavyo kwenye soko la mifugo, na mtu huyo humwita dallol. Dalali wetu huyu huyu! Faida pia husema foyda. Nilisikia kama niko nyumbani.

Zuu, 9:33
Kwa hiyo 90,000 × mita 7 = 630,000. Kila mtu KSh 6,700. Tukiwa wanane ni mita 56, zaidi ya som milioni tano. Atanishikia kitambaa mpaka kesho adhuhuri. Mimi pesa hizo sina mkononi. Tumeni.

Saidi, 9:34
Zuu milionea 😂

Zuu, 10:15
Nimehesabu: Shangazi Riziki, mke wa Abuu, mimi. Watatu. Mwana, bi harusi, uko wapi?

Salma, 10:22
Kabla hatujatuma. Pesa za zulia la Istanbul tulichanga watu kumi na mmoja. Zulia liko sebuleni kwa nani?

Zuu, 10:23
Salma, si leo.

Salma, 10:24
Siku zote si leo. Na 90,000 ni nyingi. Rudi umwambie 75,000 au unaondoka. Wote hukuita ukishapiga hatua kumi.

Zuu, 10:26
Nishampa mkono.

Salma, 10:26
Mkono si risiti.

Shangazi Riziki, 10:30
Salma mwanangu.

Mwanaisha, 10:48
Naandika ya Bibi, niko naye chumbani. Nimemsomea yote. Ni maneno yake:

"Zuu, mama wa watu amekupa chai yake, mmeshikana mikono na baraka imetajwa. Bei imekwisha. Usirudi kumpunguzia hata senti. Zulia lilikuwa langu mimi, na kulidai ni kwangu mimi. Salma usilitaje tena. Zuu ukirudi, uje nalo.
Mimi sitaki hariri. Niletee mkate wa hapo. Babu yenu alinihadithia kwamba msafiri huuma kipande, na uliobaki hutundikwa nyumbani ukimngoja arudi. Uulete mzima. Nitautundika wa Khamisi."

Mwanaisha, 10:49
Amesema nisiongeze kitu.

Zuu, 12:37
*Ujumbe huu umefutwa*

Zuu, 12:41
Nimesikia Bibi. Nitakuja nalo.

Zuu, 12:44
[Picha]
Mkate huu hapa. Ni mzito kama jiwe la kusagia, katikati umegongwa muhuri wa maua, juu unang'aa. Muuzaji alinikemea nilipoulaza kifudifudi, akaugeuza mwenyewe. Asema hukaa siku nyingi, unaurashia maji ukaupasha moto. Nimeufunga ndani ya kanzu ya Baba. Sikupatana bei.

Shangazi Riziki, 12:50
Allah amrudishe salama.

Abuu, 12:51
Amin.

Saidi, 12:51
Amin.

Salma, 13:20
Amin. Nimetuma 6,700.

Mke wa Abuu, 13:32
Nasi tumetuma.

Zuu, 14:05
Shukran. Na yangu, tuko wanne. Shangazi ntamlipia, tutahesabiana. Bado wanne. Twachukua ya manjano na nyeusi basi? Anayepinga aseme.

Mwana, 16:58
Samahani nilikuwa kwa kungwi, simu walininyang'anya. Dada Zuu mimi nilitaka zambarau.

Zuu, 17:02
Mwana. Kibanda kishafungwa. Kesho saa tatu nitamuuliza kama zambarau anazo mita 56. Usilale kabla hujaniambia, ni zambarau kweli?

Mwana, 17:03
Au ya manjano. Hebu nimuulize mama mkwe.

Ami Hamza, 22:46
Wa alaykum salaam. Nimetoka bandarini sasa hivi. Binti zangu wote wawili wamo. Hizo mita ni za upana gani?